Jumamosi ya Mfungo Mosi

Dunda, Bagamoyo
9 Novemba 2025

Mwanangu Raya,

Assalaam alaykum. Hapa nyumbani tu wazima, ukiutoa mguu wangu wa kushoto, ambao umeshanizoea nami nimeshauzoea. Baba yako mdogo Ashrafu anakusalimu. Kaupaka rangi mlango wa uani, rangi ya kijani, na hakumuuliza mtu. Paka wako kazaa ndani ya sufuria kubwa la pilau, na sufuria lenyewe lilikuwa litoke kesho yake kwenda harusini. Niliwahamishia watoto kwenye ndoo, mama yao akawarudisha. Nikawahamisha tena, akawarudisha tena. Wewe je, huko Mkange? Maji mnapata? Hao watoto wa shule wanakusikia? Simu yako najua haishiki mpaka upande kile kichuguu nyuma ya madarasa, na ukishapanda unaniambia "shangazi sikusikii" halafu unakata. Barua huwezi kuikata, ndiyo maana naandika.

Sasa neno lenyewe. Mwaka unakwisha na sina dayari ya biashara. Tangu ulipokuwa kidato cha pili wewe ndiye uliyekuwa ukinichagulia, na wewe ndiye uliyekuwa ukiandika nani kakodi masufuria, nani kakodi maturubai na majamvi, na siku gani, kwa sababu mwandiko wangu hata mimi mwenyewe naukimbia. Serikali imekuchukua tangu Julai, basi nimekwenda dukani kwa Taher peke yangu, nikasimama mbele ya kabati lake mpaka mkewe Rubab akaniletea kiti. Zipo za aina tatu. Kuna nyeusi kubwa, kila siku na ukurasa wake, ukiiangusha inavunja kidole. Kuna ya maua, ukiifunua unaiona wiki nzima, lakini mistari yake ni ya kuandikia sisimizi. Na kuna ya kijani, ile wanayoitumia wenyewe Mabohora kina Taher, ina tarehe za Kizungu na za Kiislamu bega kwa bega. Niambie nichukue ipi.

Jibu upesi, maana watu wameshaanza kuuliza habari za mfungo mosi. Unajua mwenyewe, Ramadhani ikiisha mji mzima unataka kuoa siku moja, na masufuria ni yaleyale. Sitampa mtu yeyote siku yoyote kabla sijaiandika ya kwetu. Watu wa Mwinyijuma wananiuliza kila Ijumaa. Nitajie Jumamosi unayoitaka wewe, niiandike ya kwanza.

Na wewe nitakununulia ndogo ya kutia mkobani. Unataka rangi gani?

Shangazi yako,
Mgeni


Mkange
26 Novemba 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika na mkunjo mmoja tu, safari hii konda hakuikalia. Mimi mzima. Maji tunachota kisima cha zahanati, ni ya chumvi kidogo lakini yanafaa kuoshea. Mahindi ya shamba la shule ngedere wameyamaliza, na mwalimu mkuu kaamua kuwalaumu darasa la tano. Mpe pole paka, umwache alipo.

Kuhusu dayari, tafadhali usichukue ya kijani. Umesahau Maulidi ya kule Kaole mwaka juzi? Mabohora wana hesabu yao, hawangoji mwezi uonekane, na hesabu yao hututangulia siku moja au mbili. Uliandika kwa kufuata upande wa Kiislamu wa dayari ile, tukapeleka masufuria na majamvi, tukawakuta watu wanafua nguo. Mzee wa watu akatuuliza kama kuna msiba hajaambiwa. Mimi ndiye niliyekuwa juu ya mkokoteni, si wewe.

Nyeusi nayo usiichukue. Kila siku ikiwa na ukurasa wake, wewe hutazama siku moja tu. Huoni kwamba masufuria yaliyotoka Ijumaa hayarudi mpaka Jumapili, unampa mtu mwingine Jumamosi, halafu tunalia. Chukua ya maua. Wiki nzima iko mbele ya macho. Mistari ikiwa myembamba nunua kalamu yenye ncha nyembamba, ile ya wino wa bluu. Majina ya wateja andika kwa kifupi, na vifaa vipe herufi, S ya sufuria, T ya turubai, J ya jamvi. Viti usiandike, viti tunavyo vingi. Acha ukurasa mmoja nyuma kwa vilivyovunjika.

Yangu iwe rangi yoyote isipokuwa kijani.

Shangazi, watu wa Mwinyijuma wanauliza nini kila Ijumaa? Na wewe umewajibu nini?

Mwanao,
Raya


Dunda, Bagamoyo
5 Desemba 2025

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Wazima tu. Ashrafu kaupaka rangi na mlango wa mbele. Mguu uko palepale.

Nimeisoma barua yako, karatasi mbili nzima, nikaigeuza na nyuma nikidhani labda la maana umeliandika huko. Sikuona. Nimekuuliza Jumamosi, umenijibu ncha ya kalamu. Nimekuuliza siku ya maisha yako, umenifundisha S ni ya sufuria. Raya, mimi nimekodisha masufuria tangu hujazaliwa, najua sufuria linaanza na herufi gani.

Nimekwenda kuitafuta hiyo ya maua na hakuna. Ile niliyoiona ilikuwa ya mwisho, kainunua mke wa mkurugenzi fulani kwa ajili ya kikoba. Rubab anasema nyingine zinakuja kutoka Dar, mzigo umekwama. Nimemuuliza umekwama wapi, na Dar hiyo hapo, kanyoosha mikono juu tu.

Mwanvita, mama yake Mwinyijuma, ameshanunua kitanda. Kakiweka ukumbini kwao na nailoni yake, kila anayekwenda anaonyeshwa. Sijui unataka nini zaidi kwa kijana yule. Ana biashara yake ya barafu pale soko la samaki, ana majokofu mawili, anaswali, hana maneno na mtu. Kasoro yake mimi naiona moja tu, anacheka kabla hujamaliza kusema. Watu wanaolewa na wenye kasoro kubwa kuliko hiyo.

Shule zinafungwa. Unakuja lini? Njoo tuitazame kalenda pamoja, tumalize. Kama hutaitaja siku, nitaitaja mimi.

Shangazi yako,
Mgeni


Mkange
22 Desemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, mvua imekata njia mahali na basi lilikuwa halifiki. Kifua kilinibana kidogo, sasa nimepona. Mwambie baba mdogo abakishe rangi, na mimi huku nina mlango.

Likizo hii sitakuja. Tunawafundisha masomo ya ziada watoto wanaoingia darasa la saba.

Kama ya maua haipatikani usikae bure ukimsubiri Rubab. Nunua kauntabuku, ile ngumu ya kurasa nyingi, nitumie, nikupigie mistari mwenyewe kwa rula. Siku saba kwa kila kurasa mbili. Tarehe za mfungo mosi tutaziandika mwezi ukishaandama, kama watu wengine.

Unasema nisipoitaja siku utaitaja wewe. Hilo si jipya kwangu. Nakumbuka ile sikukuu ya mfungo tatu, jinsi ulivyoingia jikoni na jinsi ulivyotoka. Nilikuwa na unga mpaka viwikoni. Ningependa uniulize tena, shangazi, nikiwa na mikono mikavu na nyumba haina wageni.

Na swali langu hukulijibu. Nimeuliza umewajibu nini.

Raya


Dunda, Bagamoyo
30 Desemba 2025

Raya,

Salaam. Sisi wazima.

Masomo ya ziada. Mwalimu mwenzako wa hukohuko Mkange nimekutana naye hapa soko la samaki anachagua changu, kaniambia shule ina kufuli na funguo anazo yeye. Sasa wewe unamfundisha nani? Ngedere?

Umenichosha, mwanangu, nasema kweli. Unataka nikuulize tena. Nilikuuliza. Niliingia jikoni, nikakuambia kina Mwinyijuma wameleta posa, mshenga yuko sebuleni na baba yako mdogo, je umeridhia? Ukanyamaza. Ukaendelea kukanda. Mwali akiulizwa akanyamaza ameridhia, hivyo ndivyo tulivyofunzwa, hivyo ndivyo alivyoulizwa bibi yako na hivyo ndivyo nilivyoulizwa mimi. Ulitaka nitoke mbele ya watu niseme nini, kwamba anakanda chapati? Nilisema amenyamaza. Wakasema alhamdulillah, na Mwanvita akapiga vigelegele. Hayo ndiyo niliyowajibu, kama ulikuwa hujui, na ulikuwa unajua kwa sababu vigelegele vile vilisikika mpaka msikitini.

Baba yako kabla hajafa alinikabidhi wewe mkononi. Nikifa mimi na wewe uko peke yako Mkange na kisima cha chumvi, nitamwambia nini? Hilo hulifikirii, unafikiria rula.

Nimenunua dayari nyeusi. Kila siku na ukurasa wake, na mistari ninaiona. Jumamosi tarehe nne Aprili nimeandika RAYA, herufi kubwa, ukurasa mzima. Nimeshawakatalia watu wawili siku hiyo, mmoja ni mteja wetu wa miaka yote, kaondoka kanuna. Kama hujajibu mpaka wiki mbili zipite nitachukulia umekubali, nami nitampa Mwanvita tarehe aitangaze.

Mgeni


Mkange
11 Januari 2026

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii nampa dereva mkononi, si konda, na nimemwambia asimpe mtu mwingine ila wewe.

Sitaki kuolewa na Mwinyijuma.

Nimeiandika peke yake kwenye mstari ili usiigeuze karatasi kuitafuta. Si kwa sababu ya kucheka kwake, wala majokofu, wala hakuna mwingine, usimtume baba mdogo kuja kuchunguza. Simtaki tu. Nilikuwa simtaki siku ile na simtaki leo.

Unasema nilinyamaza. Shangazi, pazia la jikoni kwetu ni kitambaa. Wewe ulisimama upande huu, na Mwanvita na shemeji zake wawili walisimama upande wa pili, niliiona miguu yao kwa chini. Ningesema hapana, wangeisikia wao kabla yako. Wangeshika viatu vyao, na wewe ungebaki na sinia la halua mbele ya mshenga, na kesho yake Dunda nzima ingekuwa inakusema kwamba umelea mtoto asiye na adabu. Nilinyamaza kwa ajili yako. Nilidhani utaniona usoni. Nilidhani wageni wakiondoka utarudi uniulize kama mama anavyomuuliza mwanawe. Hukurudi. Ulitoka ukaugawa ukimya wangu kama halua, kila mtu akapata kipande isipokuwa mimi.

Nimekasirika tangu siku hiyo na nimekuwa nikikuandikia habari za dayari kwa sababu nilikuwa sijui nianzie wapi. Na hasira yangu haijaisha, ila nimechoka kuibeba.

Ukiniandika kwenye ukurasa ule usioniuliza, basi utaozesha masufuria, mimi sitakuwepo.

Sijanyamaza. Tafadhali usiseme nimenyamaza.

Raya


Dunda, Bagamoyo
2 Machi 2026

Mwanangu Raya,

Assalaam alaykum. Ramadhani karimu, na huko mnafuturu nini? Hapa mihogo imekuwa migumu mwaka huu, haiivi. Watoto wa paka wamekua, watatu wamechukuliwa, wa nne kagoma kutoka kwenye sufuria kama mama yake. Ashrafu rangi imemwishia, tunashukuru.

Najua nimekaa wiki nyingi sijaandika. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma nikiwa nimekaa, kisha nikaitia chini ya godoro na sikutaka kuiona. Nilikasirika, Raya. Kisha hasira ikashuka nikaona haya, na haya nayo ilikuwa mbaya kuliko hasira. Miguu ile na mimi niliiona. Niliiona nikajiambia asiharibu mtu shughuli leo, mambo yaende, na wewe ulikuwa umeinamia unga, na uso wako sikuutazama kwa sababu nilijua nikiutazama nitaona.

Basi nikamchukua Ashrafu tukaenda kwa Mwanvita. Usiniulize ilikuwaje. Kitanda kipo palepale ukumbini, ikabidi tukizunguke ndipo tupate pa kukaa. Nikasema nimekuja kurudisha posa. Yule mama kanitazama, kisha akasema, "Si wewe mwenyewe ulituambia amenyamaza?"

Nikamwambia, "Alinyamaza kwa sababu ninyi mlikuwa mnasikiliza."

Maneno aliyonipa baada ya hapo siyaandiki, ni mwezi mtukufu. Ashrafu aliangalia nailoni ya kitanda muda wote. Mwinyijuma mwenyewe alikuwepo, na nikwambie kweli, safari hii alisubiri nikamaliza kusema, na hakucheka. Alinisindikiza mpaka barabarani akaniambia hata yeye aliulizwa akanyamaza.

Sasa sikiliza vituko vya dunia. Juzi, baada ya futari, hodi. Mwanvita. Kaja kukodi masufuria, maturubai mawili na majamvi yote. Nikamuuliza siku gani. Jumamosi tarehe nne Aprili. Mwinyijuma anaoa Mlingotini, binti kataja mwenyewe kwamba anamtaka, mbele ya watu, na tarehe Mwanvita hataki kuibadilisha kwa kuwa kitanda kimeshamchosha ukumbini. Nikafunua ile nyeusi. Kumbe wino ule haufutiki. Nimekwangua kwa wembe mpaka karatasi imetoboka na RAYA bado inasomeka, basi nikamwandika mteja juu yako. Ukiitazama kwenye mwanga mnaonekana wote wawili. Na sufuria kubwa analitaka, nimemwambia lina paka, kasema atakuja na mtu wa kumtoa. Nitamwona huyo mtu.

Na ulivyosema kuhusu nyeusi ni kweli. Ijumaa ya kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeshampa mtu mwingine masufuria yaleyale, na hayarudi mpaka Jumapili. Sikuliona hilo mpaka Mwanvita ameshaondoka. Sijui nitafanyaje, natamani kuitupa baharini.

Mzigo wa Rubab umefika. Machi. Nimemwambia mwaka umeshaliwa robo nzima ndiyo unaniletea dayari? Nimekuchukulia ya maua, nampa dereva pamoja na barua hii. Mistari yake ni ya sisimizi lakini macho yako bado mazima.

Neno la mwisho, na hili nakuuliza mikono yako ikiwa mikavu, na pazia nimeling'oa kweli, nimelifanyia matambara ya jikoni. Sikukuu utakuja nyumbani? Miezi minane hujakanyaga hapa tangu uondoke. Nataka uje. Lakini kuanzia leo nimebadilisha kanuni ya nyumba hii: ukinyamaza, nitajua ni hapana, na sitamwambia mtu yeyote vinginevyo. Nitapika kidogo, ya mimi na Ashrafu na paka.

Shangazi yako,
Mgeni


Mkange
9 Machi 2026

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Tunafuturu uji wa pilipili manga na viazi vitamu. Mihogo na huku ni migumu.

Yule wa Ijumaa mwambie achukue masufuria Alhamisi na ayarudishe Ijumaa baada ya alasiri, mpe na viti vya kumpoza. Nitampelekea mwenyewe kama akiona taabu.

Dayari imefika. Ni ya maua kweli, na ni ya mwaka jana. Mzigo uliokwama ulikuwa wa mwaka elfu mbili ishirini na tano, shangazi, umeandikwa kwenye jalada kwa dhahabu, wewe na Rubab mlikuwa mnatazama maua. Kila tarehe imepishana na siku yake kwa moja, Jumamosi yetu humo ni Ijumaa. Nimekaa na rula nimekata majina ya siku yote ya mwezi huu na ujao na kuyaandika upya juu yake, na mkono unaniuma, na hairudi dukani maana nimeshaiandika.

Siku zote mbili ambazo Sikukuu huenda ikaangukia nimeandika Bagamoyo, mwezi uandame siku utakayo.

Swali lako nimelisoma mbele ya walimu wenzangu wawili na mlango ukiwa wazi, nikalijibu kwa sauti kabla sijatafuta kalamu.

Ndiyo.

Raya